Kozi ya kuzuia fujo michezoni niliyomaliza juzi: wiki ya nne ni dhahabu, wiki ya tatu wairudie upya

Haya jamani, nimemaliza ile kozi ya wiki sita ya kuzuia fujo kwa wachezaji na mashabiki, ya mtandaoni, na kwa vile watu kadhaa wameniuliza kama inafaa kujiunga nimeona niandike kwa urefu mara moja. Jina la waliotoa kozi sitalitaja maana nina malalamiko nao na nimeshawaandikia wenyewe, ila kozi za aina hii zinafanana sana siku hizi, kwa hiyo ninachosema kitakusaidia hata ukikutana na nyingine. Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyokata nitaeleza nimeikata wapi na kwa nini.

Kwanza ujue anayeandika ni nani. Mi ni kocha wa vijana chini ya miaka 15, na siku za mechi kubwa huwa najitolea kama stiwadi getini, yaani msimamizi wa watazamaji. Msimu uliopita kwenye mechi ya vijana wangu mzazi mmoja aliingia uwanjani akamzaba kibao mshika kibendera. Mshika kibendera mwenyewe ni kijana wa miaka 16 anajifunza urefa, siku hiyo ilikuwa mechi yake ya tatu au ya nne, na kosa lake ni kunyoosha kibendera cha kuotea. Basi wachezaji wakarukiana, wazazi wengine wakaingia kuvuta watoto wao, wengine wakaingia kupigana, mechi ikavunjika. Usiku ule sikulala, na kilichoninyima usingizi siyo yule mzazi. Nilikumbuka kwamba kuanzia dakika ya kumi mimi ndo nilikuwa namfokea yule kijana, kila kibendera kikipanda natupa mikono juu afu nageuka kuwaangalia wazazi kama nawauliza, mnaona lakini? Sikumgusa mtu, ila moto niliuwasha mimi. Yule kijana akaacha urefa. Ndo nikaanza kutafuta pa kujifunza.

Kozi yenyewe iko hivi. Kila wiki kuna video tatu au nne za kama nusu saa, kazi moja ya kufanya kwenye uwanja wako mwenyewe, na Jumatano usiku mnakutana na walimu moja kwa moja kwa mjadala. Walimu watatu, refa mstaafu, mwanasaikolojia mmoja kijana kijana, na mama mmoja aliyesimamia mastiwadi viwanjani kwa miaka mingi sana. Huyo mama ndo roho ya kozi nzima, na ningeambiwa nichague ningemsikiliza yeye wiki zote sita. Sauti ya video si nzuri, kuna mahali inabidi uvae spika za masikioni, na maandishi chini ya video hayapo, kwa hiyo mwenye shida ya kusikia kaachwa nje kabisa. Hilo nimewaambia.

Wiki ya kwanza ni historia na sitaki kukaa sana hapo ila ilinifaa kwa kitu kimoja, imenitoa ule msemo wa "vijana wa siku hizi". Mwaka 59 baada ya Kristo, pale Pompeii, mji wa zamani wa Waroma huko Italia, watu wa mji huo na wageni wao wa Nuceria walikuja kuangalia wapiganaji, wakaanza kutaniana, wakaenda kwenye matusi, yakaja mawe, mwisho zikatoka silaha za chuma, watu wakafa, na Roma ikaufungia mji ule michezo ya aina hiyo kwa miaka 10. Maneno, mawe, chuma. Nimeiandika kwenye daftari langu ukurasa wa kwanza hiyo, maana ukiangalia fujo yoyote ya leo ngazi ni zilezile na chini kabisa kuna maneno. Halafu Constantinople, ndo Istanbul ya leo, mwaka 532, mashabiki wa mbio za magari ya farasi, Bluu na Kijani, mahasimu kabisa hao, safari hiyo wakaungana dhidi ya mfalme Justinian, sehemu kubwa ya mji ikaungua, na Procopius aliyeishi wakati huo ameandika kwamba waliouawa walifika kama 30,000. Wengi wao hawakuuawa na mashabiki wenzao. Waliuawa na wanajeshi, ndani ya uwanja wa mbio. Shikilia hilo maana linarudi wiki ya nne.

Wiki ya pili ni chanzo cha fujo upande wa akili ya mtu. Hapa mwanasaikolojia alijitahidi. Alianza na wale watafiti wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, wa mwaka 1939 waliosema mtu akizuiwa kupata anachokitaka hasira yake inageuka kuwa ukali, halafu akaeleza jinsi mwanasaikolojia Leonard Berkowitz baadaye alivyoirekebisha, kwamba kuzuiwa kunaleta hasira tu, ili hasira igeuke ngumi inahitaji kitu pembeni cha kuichochea, inaweza kuwa tusi, ishara ya mkono, au mtu unayemheshimu anayekuonyesha kwamba hapa kupiga ni sawa. Mi hapo nikasimamisha video nikakaa kimya. Mtu unayemheshimu. Mzazi alikuwa na hasira zake, kocha akampa ruhusa. Ikafuata ile ya Albert Bandura ya mwaka 1961, watoto wadogo walioona mtu mzima anampiga mdoli nao wakaingia wakampiga vilevile, hadi kwa maneno yaleyale, na wale ambao hawakuona mtu mzima akipiga hawakufanya kwa kiasi hicho. Anayefundisha vijana hahitaji kuelezwa zaidi.

Kingine kilichonigusa ni cha Robert Cialdini na wenzake mwaka 1976, waliona kwamba wanafunzi timu ya chuo chao ikishinda wanasema "tumeshinda", ikipoteza wanasema "wamefungwa". Sikiliza tu watu wakitoka kwenye mechi. Shabiki hasemi timu yangu, anasema sisi, kwa hiyo refa akikataa goli amemnyang'anya yeye binafsi kitu chake mkononi. Mtu anayedhani mashabiki ni wajinga kwa kuumia hivyo hajaelewa bado, na mtu asiyeelewa hawezi kuwatuliza.

Sasa lawama. Kwenye video ya mwisho ya wiki hiyo wakaweka nadharia ya Gustave Le Bon ya mwaka 1895, kwamba mtu akiingia kwenye umati akili yake inazima, anakuwa kama mnyama, anafuata kundi. Waliiweka kama kitu cha kweli moja kwa moja. Halafu wiki ya nne yule mama anakuja kutuambia, na kutuonyesha, kwamba hiyo ndo imani iliyoua watu wengi kuliko ngumi zote za mashabiki! Nikauliza kwenye mjadala wa Jumatano, walimu wenyewe kwa wenyewe mmeongea kabla ya kurekodi? Mwanasaikolojia akasema ni mitazamo tofauti. Hapana, siyo mitazamo tofauti. Polisi anayeamini umati ni mnyama atashika virungu kabla hajaona chochote. Mwanafunzi aliyeishia wiki ya pili akaacha kozi ataondoka na kitu cha hatari kichwani, na walioachia njiani walikuwa wengi.

Pombe wameigusa kwa dakika tano tu, na kubeti hawajagusa kabisa. Kubeti! Mtu ameweka hela yake kwenye kona ya dakika za mwisho, mchezaji akipiga mpira nje anatafutwa hadi kwenye simu yake atukanwe, yeye pamoja na familia yake. Huwezi kutengeneza kozi ya sababu za fujo siku hizi ukaruka hilo.

Wiki ya tatu, wachezaji wenyewe. Hapa ndo nyota yangu ilikatika. Wamechukua matukio makubwa makubwa wakayapanga kama maonyesho, Eric Cantona anamrukia shabiki teke pale Selhurst Park Januari 1995, Mike Tyson anamng'ata sikio Evander Holyfield 1997, Zinedine Zidane na kichwa chake kwenye kifua cha Marco Materazzi fainali ya Kombe la Dunia 2006, na kila baada ya tukio somo ni lilelile, pumua kwa kina, hesabu hadi kumi, jitawale. Kwani mchezaji yuko peke yake uwanjani? Nani aliyemfundisha kucheza? Nani anayempigia makofi akiumiza mtu?

Mfano walioutumia vizuri ni mmoja, ile vurugu ya mpira wa kikapu ya Novemba 19, 2004 kati ya Indiana Pacers na Detroit Pistons, chini ya dakika moja imebaki, faulo kali, wachezaji wanasukumana, Ron Artest anaenda kulala juu ya meza ya waamuzi, hali inaanza kupoa, shabiki mmoja anarusha kikombe cha kinywaji kinampiga kifuani. Artest akapanda jukwaani, na huko akamvamia mtu ambaye siye aliyerusha. Akafungiwa mechi zote zilizobaki za msimu, 86. Refa mstaafu alichambua hatua kwa hatua, nani alikuwa wapi, kwa nini mechi iliyokuwa imeshaamuliwa wachezaji wale bado walikuwa ndani, kwa nini hakukuwa na mtu kati ya meza na jukwaa, na baadaye NBA, ligi yao ya kikapu, ilibadilisha nini, mfano kuacha kuuza pombe robo ya mwisho. Huo ndo uchambuzi wa kuzuia. Kwa nini hawakufanya hivyo kwa matukio yote?

Na wamekaa kimya kuhusu ukali unaofundishwa. Mwaka 2012 NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ilitangaza kwamba ndani ya timu ya New Orleans Saints kulikuwa na mfuko wa hela za kuwazawadia wachezaji kwa kuwaumiza wapinzani, kocha mkuu Sean Payton akasimamishwa msimu mzima. Pale hakuna aliyeshindwa kuhesabu hadi kumi, jambo lilikuwa limepangwa kwenye chumba cha mkutano. Na kwa sisi wa chini hela hazipo ila maneno yapo, "mvunje huyo", "akipita apite bila mguu", "mwonyeshe nani baba hapa", nimeyasikia kwa makocha wenzangu na nimeshayasema. Mtoto wa miaka 13 hawezi kujua kwamba kocha anatia chumvi. Ningetaka wiki nzima juu ya kocha tu, anavyoongea mapumziko, anavyopokea kipigo, anavyompa mkono refa baada ya kuonewa, kwa sababu kuna siku refa atakuonea kweli, na hapo ndo watoto wanakuangalia kuliko siku zote. Badala yake nimepewa mazoezi ya kupumua. Sawa, kupumua kunasaidia, nimejaribu na vijana wangu kabla ya penati na nimeona faida. Lakini wiki nzima?

Niliwaambia pia mbona hamjaweka raga. Kwenye raga ni nahodha tu anayeongea na refa, na watu wenye miili mikubwa kuliko wa mpira wa miguu wanasimama wanasikiliza "ndiyo, refa". Soka nayo imeanza kuiga, Euro ya 2024 waliagiza kapteni peke yake ndiye amfuate refa kuuliza, na lile kundi la watu wanane kumzunguka refa likapungua wazi wazi. Kitu kidogo cha bure kabisa kinachofanyika kesho asubuhi kwenye uwanja wowote. Refa mstaafu akakiri kwamba walisahau.

Haya, wiki ya nne. Kama una muda wa kufanya wiki moja tu fanya hii.

Yule mama alianza bila salamu, akasema, nitawasomea viwanja vinne, mniambie watu waliuawa na nini. Lima, Mei 24, 1964, Peru na Argentina, goli la Peru linakataliwa, shabiki anaingia uwanjani, polisi wanarusha mabomu ya machozi majukwaani, watu wanakimbilia ngazi za kutokea na chini milango imefungwa, idadi rasmi ni 328. Accra, Ghana, Mei 9, 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko, mashabiki wanarusha viti na chupa, polisi wanarusha mabomu ya machozi, mageti yamefungwa, zaidi ya watu 120. Port Said, Misri, Februari 1, 2012, mashabiki wa Al-Masry wanawavamia wa Al Ahly, na hapo kweli kulikuwa na mauaji ya kupigwa na silaha, lakini wengi wakabanwa kwenye njia ya kutokea geti likiwa limefungwa, zaidi ya 70. Halafu Kanjuruhan, Indonesia, Oktoba 1, 2022, Arema kafungwa nyumbani 3 kwa 2 na Persebaya, baadhi ya mashabiki wanashuka uwanjani, mabomu ya machozi yanarushwa hadi majukwaani, 135. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, pale Kanjuruhan mashabiki wa timu pinzani hawakuruhusiwa kuja kabisa. Hapakuwa na upande wa pili wa kupigana nao.

Yaani kwenye mjadala watu zaidi ya thelathini na hakuna aliyefungua kinywa. Mimi miaka yote nikiambiwa maafa ya uwanjani picha inayokuja ni mashabiki wanapigana. Kumbe mara nyingi fujo ilikuwa ndogo, ya watu wachache, na kilichoua ni geti lenye kufuli na gesi iliyorushwa mahali watu hawana pa kukimbilia. Kanuni za usalama za FIFA zenyewe zinakataza hiyo gesi uwanjani. Na akaongeza Hillsborough, uwanja wa Sheffield, Uingereza, Aprili 15, 1989, ambako hakukuwa na fujo yoyote, watu waliingizwa kwenye vizimba vilivyojaa na mbele yao kuna uzio, 97 wamekufa hadi leo ukihesabu na yule aliyefariki 2021 kwa majeraha ya siku ile, na kwa miaka mashabiki wa Liverpool wakasingiziwa ulevi na uhuni mpaka baraza la uchunguzi la 2016 likasema wameuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawana lawama. Unaona ule uzio? Uliwekwa kuzuia fujo. Mtu aliuweka akiwaza umati ni mnyama.

Hapo ndo akaleta upande wa pili, kazi za kina Stephen Reicher na Clifford Stott, wanasaikolojia wanaochunguza umati, kwamba watu kwenye umati hawapotezi akili, wanabadilika kutokana na wanavyotendewa. Ukiwasukuma wote kwa sababu ya wahuni watano, wale elfu waliokuwa wametulia wanajiona wako upande mmoja na wahuni watano dhidi yako. Mfano wake ni Euro 2004 Ureno. Kwenye miji ya mechi polisi walizunguka wawili wawili na sare za kawaida, wanaongea na mashabiki, wanapiga nao picha, kikosi cha virungu kipo lakini kimefichwa mbali, na mashabiki wa Uingereza waliokuwa wanaogopwa Ulaya nzima wakakaa kwa amani. Mji wa kitalii wa Albufeira ulikuwa chini ya jeshi lingine la polisi ambalo halikutumia njia ile, na huko vurugu zikatokea usiku, wakati ni mashindano hayohayo na mashabiki wa nchi hiyohiyo.

Kazi ya wiki hiyo ilikuwa kwenda uwanjani kwako na daftari. Hesabu mageti, pima upana kwa hatua, angalia yanafunguka kwenda ndani au nje, uliza ufunguo uko kwa nani, halafu simama kila kona ya jukwaa ujiulize, nikisikia kishindo sasa hivi nakimbilia wapi? Nikaenda uwanja ninaojitolea. Geti la nyuma la jukwaa la mzunguko lina kufuli. Nikauliza ufunguo, nikaambiwa anao fulani. Fulani yuko wapi siku ya mechi? Yuko geti kuu, upande wa pili, anakata tiketi. Nimepita pale misimu minne na shati la stiwadi mgongoni sijawahi kuuliza. Nilimpigia simu kiongozi nikamwambia mzee, hili geti mechi ijayo likae na mtu na ufunguo mkononi, akabisha kwamba watu wataingia bure, nikamtajia Lima. Alikaa kimya afu akasema sawa njoo tuongee. Sasa hivi kuna watu wawili pale kila mechi na kufuli linatolewa kabla ya watazamaji hawajaingia. Kwangu mimi kozi ilijilipa siku hiyo.

Wiki ya tano ni sheria na adhabu, ndefu, kavu, mwanasheria wa kualikwa anasoma maandishi kwenye skrini. Kuna vitu vizuri ukivumilia. Baada ya maafa ya uwanja wa Heysel, Ubelgiji, Mei 29, 1985, fainali ya Liverpool na Juventus walipokufa watu 39 kufuatia vurugu za mashabiki, klabu za Uingereza zilifungiwa Ulaya miaka 5, Liverpool 6, na Uingereza ikaja na sheria ya pombe viwanjani mwaka huohuo. Baadaye ikaja amri ya kumzuia mtu mmoja mmoja aliyethibitika kufanya fujo asiende uwanjani, wala asisafiri kufuata timu, badala ya kuadhibu kila mtu. Mimi naamini hiyo ya mtu mmoja mmoja ndo yenye maana. Kuchezesha mechi bila mashabiki kunawaadhibu watu elfu arobaini kwa kosa la watu arobaini, na unarudi kulekule kwa yule mama, umewaweka wote kundi moja na wahuni. Walichofanya Uturuki Septemba 2011 mi nakipenda zaidi, Fenerbahçe walitakiwa kucheza bila watu kwa sababu ya vurugu, wakaruhusiwa wanawake na watoto chini ya miaka 12 bure, wakaja zaidi ya 41,000, uwanja ukajaa na kelele zikawepo kama kawaida. Hakuna aliyetuambia baada ya hapo ilikuwaje, na mwanasheria alipoulizwa akarudi kwenye skrini yake.

Kuhusu wachezaji, Cantona alifungiwa miezi 8 na mahakama ikampa saa 120 za kutumikia jamii, akazitumia kufundisha watoto mpira. Nimelipenda hilo kuliko faini, ndo nimelipeleka kwenye klabu yetu. Kijana wangu akipiga mtu haketi nyumbani wiki tatu akiangalia simu. Anakuja, anabeba mipira, anamsaidia refa wa mechi za watoto wadogo kushika kibendera. Wawili wameshapitia. Mmoja alirudi ananiambia mwalimu, kumbe kuotea ni kugumu kuona hivi.

Wiki ya sita ni utekelezaji na ilikuwa nzuri ila fupi, walibana vitu vya wiki mbili kwenye moja. Wakaeleza miradi ya mashabiki ya Ujerumani iliyoanzia Bremen mwaka 1981, ambako wafanyakazi wa jamii wanaishi na vijana wa majukwaani wiki nzima, siyo siku ya mechi tu, na ofisa wa mahusiano na mashabiki ambaye UEFA imezitaka klabu ziwe naye tangu msimu wa 2012/13. Huyo ofisa si polisi na si msemaji wa klabu, ni mtu ambaye mashabiki wana namba yake na wakimpigia anapokea. Wakagusa mechi za watoto za kimya, wazazi wanaruhusiwa kupiga makofi tu. Nimejaribu mara moja. Dakika za mwanzo ilikuwa kama msiba, kisha nikaanza kusikia kitu ambacho sijawahi kusikia, watoto wenyewe wanaongea, wanaitana, wanapangana, "shuka", "nyuma yako", "pole". Nimesogeza na kamba ya wazazi hatua tano nyuma ya mstari, na hiyo imebaki hadi sasa.

Halafu kuna video ya dakika kumi na mbili tu imewekwa mwishoni kabisa kama nyongeza, nayo ni ya fujo inayotokea baada ya mechi, nyumbani. Utafiti wa Lancashire, Uingereza, uliotoka 2014 ulipitia Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010 ukakuta taarifa za ukatili wa majumbani zinapanda asilimia 38 siku Uingereza ikifungwa, na hata ikishinda au kutoa sare zinapanda asilimia 26. Na wa Marekani wa 2011 ukaona timu ya NFL iliyotegemewa kushinda ikipoteza, wanaume kupiga wake na wapenzi wao kunapanda kama asilimia 10. Tunahesabu viti vilivyovunjwa uwanjani, huyu anayepigwa jikoni hakuwa hata na tiketi. Dakika kumi na mbili! Nimewaandikia kwamba hiyo iwe wiki kamili na ije mapema, na aje mtu anayewahudumia wanawake hao aongee mwenyewe. Hawajanijibu bado.

Mtihani wa mwisho ni maswali arobaini ya kuchagua, mepesi, hata asiyefanya kazi za uwanjani anapita, kwa hiyo ukimwona mtu ana cheti cha kozi hii muulize mageti ya uwanja wake ni mangapi.

Ukijiunga, fanya hivi. Ya kwanza iangalie haraka. Ya pili sikiliza yote kasoro video ya mwisho. Ya tatu chukua ule uchambuzi wa mpira wa kikapu tu. Ya nne iangalie mara mbili, mara ya pili ukiwa na viongozi wako wa klabu na mkuu wa polisi wa siku ya mechi kama anakubali kuja, maana yeye ndo anayeshika yale mabomu. Ya tano pitia vipande vipande. Ya sita anza na ile nyongeza ya nyumbani. Na Jumatano usikose, hasa akiwepo yule mama, ana tabia ya kubaki nusu saa baada ya muda kwisha kama kuna mtu ana swali la uwanja wake.

Yule kijana wa kibendera nilimfuata kwao nikamwomba msamaha mbele ya wazazi wake. Kupiga filimbi hajakubali bado, amesema atafikiria msimu ujao.